Orodha ya NPR ya Riwaya 100 za Vijana: Nani Alipiga Kura?

Mwalimu, mkutubi au mzazi anayetafuta riwaya za kuwapa vijana hukutana na orodha nyingi, lakini ni chache zilizopatikana kwa mabishano ya wazi kama ile ambayo NPR, redio ya umma ya Marekani, iliitangaza mwezi Agosti 2012. Wasikilizaji wenyewe walipendekeza vitabu, wakavitetea kwa nguvu, kisha wakapiga kura zaidi ya 75,000 ili kupata riwaya 100 bora za vijana. Nimeitumia orodha hiyo kuchagua vitabu vya klabu ya usomaji ya wanafunzi wa sekondari, nami naiona kuwa msaada mkubwa kwa mtu anayejua namna ilivyopatikana, ila inaweza kumpoteza yule anayeichukua kama hukumu ya vijana wenyewe.

Utaratibu wake ulikuwa mzuri kuliko wa kura nyingi za namna hii. Yalikusanywa kwanza mapendekezo, yakafika zaidi ya vitabu 1,200, kisha jopo la watu wanaozijua riwaya za vijana likayachuja hadi yakabaki 235, na kila mpigakura akaruhusiwa kuchagua hadi kumi. Jopo lililenga vitabu vya wasomaji wa miaka 12 hadi 18, likaacha vile vilivyoonekana kuwa vya watoto wadogo zaidi au vya watu wazima, na mfululizo wa vitabu ukahesabiwa kama kitabu kimoja. Mchujo huo uliwaudhi wengi waliokuta vitabu vyao vya moyoni vimeachwa nje, lakini bila mipaka kura ingekuwa ya vitabu vyote duniani, na naipongeza NPR kwa kueleza hadharani kwa nini jopo lilikata pale lilipokata.

Jambo ambalo halikuelezwa vya kutosha ni nguvu ya kura ya vitabu kumi. Mtu anapochagua kumi bila kuvipanga kwa daraja, kitabu anachokipenda kuliko vyote hupata kura moja, na kitabu alichokiongeza mwishoni ili kutimiza idadi hupata kura moja vilevile. Kwa hiyo riwaya inayojulikana na wengi, hata kama ni chaguo lao la nane au la tisa, huishinda kwa urahisi riwaya ambayo watu wachache wako tayari kuilalia njaa. Ndiyo maana nafasi za juu za orodha hazimshangazi mtu, na ndiyo maana mimi hupata faida zaidi kuanzia nafasi ya 30 kwenda chini.

Hata hivyo, kumi bora zinastahili kutazamwa. Harry Potter ilishika nafasi ya kwanza, ikifuatiwa na The Hunger Games, ambayo filamu yake ilikuwa imetoka mwezi Machi mwaka huohuo na bado ilikuwa midomoni mwa watu. Ya tatu ilikuwa To Kill a Mockingbird ya mwaka 1960, ambayo Wamarekani wengi huisoma darasani. Ya nne ilikuwa The Fault in Our Stars ya John Green, iliyochapishwa Januari 2012, yaani ilikuwa na miezi saba tu sokoni, na mara baada yake ikaja The Hobbit ya mwaka 1937. Miaka 75 imekaa ndani ya nafasi tano za kwanza, na katika kumi hizo wamo pia waandishi Salinger (The Catcher in the Rye) na Bradbury (Fahrenheit 451), ambao riwaya zao za miaka ya 1950 hazikutolewa kama vitabu vya vijana.

Hapo ndipo ulipozaliwa ubishi wenye maana zaidi katika zoezi zima. Je, riwaya ya vijana ni ile iliyoandikwa kwa ajili yao, au ni ile ambayo vijana wameichukua wakaifanya yao, hata kama mwandishi hakuwafikiria? Wapo walioona kwamba vitabu vya mtaala vilipewa nafasi za waandishi wanaoishi wakiwaandikia vijana wa leo, na wapo walioona kwamba kitabu kilichosomwa na vizazi vitatu vya vijana kimeshajithibitisha. Mimi niko upande wa hawa wa pili, kwa sharti moja: kijana wa leo aulizwe. Kitabu anacholazimika kukisoma kwa ajili ya mtihani hakiwi chake mpaka akirudie kwa hiari.

Na hapa orodha inaonyesha udhaifu wake. Kura ilikuwa wazi kwa kila mtu, wa umri wowote. Mwaka huohuo wa 2012 kampuni ya utafiti wa soko ya Bowker ilitoa taarifa kwamba asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vilivyokusudiwa wasomaji wa miaka 12 hadi 17 walikuwa na umri wa miaka 18 au zaidi, kundi kubwa kabisa likiwa la miaka 30 hadi 44, na wengi wao walisema wanajinunulia wao wenyewe. Ukiliunganisha jambo hilo na ukweli kwamba wasikilizaji wa NPR ni watu wazima kwa sehemu kubwa, unapata picha ya watu wengi waliopigia kura ujana wao wenyewe. Si kosa kuupenda ujana wako, na kumbukumbu ya muda mrefu ni ushahidi wa aina yake. Lakini mtu mwenye miaka 40 hawezi kumwambia binti wa miaka 14 ni kitabu gani kitamzuia kulala usiku wa leo.

Lawama nzito zaidi ilihusu rangi. Katika vitabu 100, vile vyenye mhusika mkuu asiye Mzungu vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole, na waliolalamika walivitaja viwili hasa: The House on Mango Street ya Sandra Cisneros na riwaya ya Sherman Alexie kuhusu kijana Mhindi Mwekundu anayehamia shule ya Wazungu. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki kabisa. Mpigakura huchagua katika vile alivyosoma, na husoma vile vilivyochapishwa, vikatangazwa na kuwekwa mbele dukani, kwa hiyo upungufu ulianza mbali na sanduku la kura. Lakini mkutubi anayenunua kwa kufuata orodha huupeleka upungufu huo hadi kwenye rafu yake. Vuguvugu la kudai vitabu vyenye wahusika wa kila namna lilishika kasi Marekani mwaka 2014, na riwaya ya Angie Thomas, The Hate U Give, ambayo mhusika wake mkuu ni msichana Mweusi, ikatoka mwaka 2017. Haya yote hayamo katika orodha ya 2012, na anayeitumia sasa lazima ayajaze mwenyewe.

Ninaloliona kuwa kirekebishi kizuri ni Teens' Top 10 ya YALSA, kitengo cha Chama cha Maktaba cha Marekani kinachoshughulikia vijana. Huko makundi ya vijana wasomaji ndiyo yanayopendekeza vitabu vipya, na kura hupigwa na wenye umri wa miaka 12 hadi 18 tu. Matokeo yake hayana uzito wa miaka, na baadhi ya washindi husahaulika upesi, lakini sauti inayosikika ni ya msomaji mwenyewe. Nimezoea kuziweka orodha hizi mbili mezani kwa pamoja.

Kwa mwenye fedha kidogo katika shule zetu, ambako Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu, ningeshauri aanze na The Outsiders, iliyopata nafasi ya 13. S. E. Hinton aliianza akiwa bado msichana wa sekondari, nayo ilichapishwa mwaka 1967. Ni fupi, lugha yake ni nyepesi, na ugomvi wa wenye nacho na wasio nacho hauhitaji maelezo. Kinachofuata kiwe The House on Mango Street, kwa sababu sura zake nyingine hazizidi ukurasa mmoja na zinasomeka kwa sauti ndani ya kipindi kimoja, ingawa mwalimu aipitie kwanza yeye mwenyewe, maana zimo sehemu zinazogusa ukatili wa kijinsia. Mifululizo mirefu inunuliwe kitabu cha kwanza tu, na cha pili kiagizwe baada ya wanafunzi kuanza kukiulizia.