Kamera ya mfukoni: ipi ya kwanza, ipi ya kusubiri

Anayetaka kamera ndogo itakayompa picha bora kuliko simu yake aanze kuuliza ukubwa wa sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, kwa maana wingi wa megapikseli unaoandikwa kwenye boksi hausemi mengi. Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa yenye upana wa milimita 6 hivi, na simu nzuri ya leo huzishinda. Zinazostahili fedha zako ni zile za inchi moja, ambayo licha ya jina hilo ina upana wa milimita 13.2 tu, au za APS-C, zenye milimita 23.5 hivi.

Nafasi ya kwanza naipa Ricoh GR III ya mwaka 2019. Ina sensa ya APS-C, lakini pamoja na betri na kadi ina gramu 257 na inaingia mfuko wa suruali. Lenzi yake haivuti vitu vya mbali, flashi haina, na betri hukadiriwa kutoa picha 200 tu, hivyo betri ya akiba ni lazima. Kwa anayenunua iliyotumika, adui ni vumbi linalopenya hadi kwenye sensa, na kwa kuwa lenzi haibanduki, kulitoa ni kazi ya fundi. Kabla hujalipa, punguza upenyo wa lenzi, yaani tundu la kupitisha mwanga, hadi f/16 (namba ya f ikikua, tundu huwa dogo), piga picha ya ukuta mweupe, kisha ikuze na kuikagua kona hadi kona. Ukiona madoa ya kijivu, shusha bei au ondoka.

Ya pili ni Canon G7 X Mark III, inayomfaa zaidi mwenye familia: lenzi yake inavuta kuanzia milimita 24, zinazoona eneo pana, hadi 100, zinazosogeza vitu vya mbali, ina flashi, na kioo chake huinuka kumtazama anayejipiga. Vijana wa mitandaoni wameipandisha chati, na bei nayo ikapanda.

Sony RX100 VII naiweka ya tatu ingawa inavuta hadi milimita 200, kwa sababu lenzi yake huanzia f/2.8 na kufikia f/4.5, upenyo unaoingiza mwanga mdogo mno kwa ukumbi wa harusi usiku. Ndugu yake mkubwa, RX100 III ya mwaka 2014, huanzia f/1.8, na kwa shughuli za usiku ningeichukua hiyo.

Fujifilm X100VI ni kamera nzuri sana, lakini gramu 521 si za mfukoni, labda wa koti.