Nyumba ya orofa ya nne Testaccio, Roma: siku tisa, watoto watatu, lifti moja mbovu

Kwanza nijieleze, mjue ni nani anayewapimia. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini Kilindini, mwaka wa kumi na sita huu, na mtu wa kazi hii haamini karatasi mpaka kasha lifunguliwe. Tangazo la nyumba lilisema vyumba viwili vya kulala, jiko, mashine ya kufulia, kiyoyozi, kitanda cha mtoto mchanga, lifti. Nimekagua, vyote vipo. Hata lifti ipo. Imesimama tu.

Tulikwenda mwezi wa nane, likizo ya shule: mimi, mke wangu, binti wa miaka saba, kaka mtu wa minne, na mziwanda wa mwaka mmoja na nusu. Habari za visa sitaki kuzirefusha. Mkubwa euro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 12 euro 45, aliye chini ya hapo bure, na juu yake ada ya ofisi inayopokea fomu, na safari ya treni kwenda Nairobi na kurudi. Ndege ikatupitisha Addis Ababa. Mombasa tuliiacha kwenye kipupwe, kusi inavuma, mama yangu jioni anajitanda shuka barazani. Roma tukaikuta nyuzi 36.

Sasa ngazi. Nilizihesabu: themanini na nane. Siku ya kwanza nilipanda mara tatu, begi, begi, kisha kigari cha mtoto na mtoto mwenyewe amelala ndani, ole wako umwamshe. Mwenye nyumba nilipompigia simu alisikitika sana kwa sauti, akasema fundi wa lifti yuko likizo. Atarudi lini? Septemba. Nilidhani ananizungusha, mpaka niliposhuka mtaani. Duka la aiskrimu lililo chini ya jengo, lile ambalo watoto walikuwa wamelionyesha kwa vidole toka kwenye picha za tangazo, limefungwa. Mwenye viatu amefunga. Kinyozi amefunga. Kila mlango una karatasi imeandikwa kwa mkono kwamba wako likizo, na tarehe 15 Agosti, sikukuu yao ya Ferragosto, hata waliobaki nao wakafunga. Kwa hiyo mwenye nyumba hakudanganya kuhusu fundi. Alichokosea ni kutoniambia kabla sijalipa.

Humu ndani, lakini, nyumba inakaa vizuri. Sakafu ya vigae vya baridi, watoto walilala juu yake mchana kama paka. Na nitasema jambo ambalo wenzetu wengi hulionea haya: choo. Mswahili akisafiri Ulaya hubeba kopo. Sisi tulibeba mawili. Hayakutoka begini, kwa sababu karibu kila nyumba Italia ina walau bafu moja lenye beseni dogo la kujisafishia kwa maji kando ya choo, na si hisani ya mwenye nyumba, ni sheria yao ya ujenzi tangu 1975. Mke wangu alilitumia pia kumwogeshea mziwanda. Kwa hili peke yake nilikuwa tayari kusamehe ngazi arobaini.

Stima ni hadithi nyingine. Nyumba nyingi za kule zina mkataba wa kilowati 3 tu. Kiyoyozi kinafanya kazi, mashine inafua nepi, mke wangu akawasha jiko la umeme apashe wali: tap! Giza. Na swichi ya kurudishia haimo ndani ya nyumba, iko kwenye sanduku la mita kule chini. Themanini na nane kushuka, themanini na nane kupanda. Niliporudi nikipumua kama punda wa Lamu, wale wawili wakubwa walikuwa wamesimama mlangoni wanapiga makofi, "Imerudi! Imerudi!", vile vile kama nyumbani Tudor. Ilitokea mara nne. Ya tano tukajifunza: ukifua, usipike.

Tulipika sana, kwa sababu Testaccio ni mtaa wa nyama isiyotufaa. Palikuwa na machinjio makubwa ya mji hapa zamani, na wenyeji bado wanajivunia matumbo na mikia ya ng'ombe, vyakula ambavyo kwa harufu tu ungedhani uko nyumbani, ila si halali, na nguruwe anajificha pasipotarajiwa. Nyama tuliifuata soko la Esquilino, karibu na stesheni kuu ya Termini. Kule kuna mabucha ya halali, bamia, mihogo, ndizi za kupika, bizari ya kila namna, na wauzaji Wabangladeshi waliomwita mke wangu dada toka siku ya kwanza. Samaki tulinunua soko la Testaccio lenyewe, nusu ya vibanda vikiwa vimefungwa. Nje tulikula pizza ya nyanya na jibini, basi. Na msichelewe wala msiwahi: mikahawa mingi hufunga baada ya chakula cha mchana na jikoni hakuwaki tena mpaka saa moja na nusu usiku. Mtoto wa miaka minne hawezi kuelezwa hilo.

Saa mbili usiku ndipo jua linazama, na hapo mtaa unafufuka. Hatua chache kutoka nyumbani kuna bustani ya Piazza Santa Maria Liberatrice, ina bembea na mtelezo, na watoto wa pale wanacheza mpaka saa tano usiku huku nyanya zao wamepanga mabenchi wakisengenya. Kama Mji wa Kale usiku wa Ramadhani. Binti yangu hakuwa na neno hata moja la Kiitaliano, akarudi na marafiki wanne na goti limechubuka. Ajuza mmoja alimchukua mziwanda mikononi bila kuniuliza, akamzungusha bustani nzima kwa dakika ishirini. Moyo ulinidunda kidogo, nisiwafiche. Alimrudisha amelala.

Maji ya kunywa msinunue. Mji una mabomba ya chuma barabarani, kama 2,500, yanayotiririka mchana kutwa maji baridi ya bure. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu kidogo. Mwanangu aligundua hili dakika ya pili na tangu hapo hatukuvaa nguo kavu.

Nyuma ya mtaa kuna kilima, na hapa mniwie radhi, nitakaa kidogo. Kwa mbali ni kilima cha kawaida, nyasi na miti. Kumbe ni vigae vitupu. Monte Testaccio, kimo chake kama mita 35, ni vipande vya mitungi ya mafuta ya zeituni iliyoshushwa bandari ya mto Tiber enzi za dola ya Kirumi. Wanakadiria mitungi milioni 53. Mingi ilitoka kusini ya Uhispania, mingine Afrika Kaskazini. Mtungi ukishamiminwa haukufaa tena, kwani udongo umeshanyonya mafuta, basi wakauvunja, wakapanga vigae tabaka kwa tabaka na kumwagia chokaa. Sasa sikilizeni. Mitungi ile ilikuwa na maandishi ya wino: uzito wa mtungi mtupu, uzito wa mafuta, jina la mwenye kusafirisha, na alama za ukaguzi. Karatasi zangu za kila siku Kilindini! Kupanda juu lazima uwe umeweka nafasi mapema, nami sikuweka, lakini mkahawa mmoja uliochimbwa ubavuni mwa kilima una ukuta wa kioo, na mhudumu akaniruhusu nichungulie. Nilisimama pale mpaka mke wangu akauliza, "Baba Watoto, umekuja likizo au umekuja kazini?"

Colosseo, ule uwanja mkubwa wa kale wa Warumi, ni vituo viwili kwa metro kutoka Piramide, stesheni ya karibu na mtaa wetu. Watoto hawalipi, ila na wao lazima wakatiwe tiketi ya sifuri. Joto, mawe, foleni, saa moja, tukaondoka.

Kutoka hapo hapo Piramide kuna treni ya kwenda baharini Ostia, tiketi ya kawaida ya euro 1.50, walio chini ya miaka kumi bure. Pwani imekatwa vipande vya wenyewe, kila kipande na vitanda na miavuli yake. Nililipa euro 30 kwa vitanda viwili na mwavuli. Mimi, niliyezaliwa nikisikia mawimbi, nalipia bahari! Sehemu za bure zipo, zilikuwa zimejaa kama feri ya Likoni saa kumi na moja jioni. Mchanga ni mweusi mweusi. Mwanangu alichukua ndoo akakaa ukingoni, akauliza maji yatakupwa saa ngapi aokote kaa. Kwetu siku za bamvua maji hushuka mita tatu na zaidi. Kule hayashuki hata kimo cha ndoo yake. Alingoja mchana kutwa.

Siku ya kuondoka mwenye nyumba alidai kodi ya mji ya wageni, euro 6 kwa mtu mzima kwa usiku, watoto chini ya miaka kumi wamesamehewa. Mara mbili, mara tisa, 108. Niliomba risiti, akanipa bila kununa. Hilo nalo nimeliandika upande wake wa mazuri.

Nimempa nyota tatu. Mke wangu anasema nne, lakini yeye hakushuka kwenye mita. Ukiichukua nyumba hii, mpigie kwanza umwulize lifti, tena siku hiyo hiyo unayolipa. Sanduku la mita liko nyuma ya mlango mkubwa wa chini, mkono wa kushoto, swichi ya tatu. Beba tochi.