Miezi 8 na app ya stoo ya spea, uzoefu wangu

Wadau habari, mimi ni stokipa kwenye kiwanda cha unga wa mahindi huku Arusha, Njiro, hii app ya stoo nimeitumia miezi 8 sasa, jina siliweki maana nina lawama zangu na sitaki kesi. Kabla yake tulikuwa na daftari tu, fundi wa zamu ya usiku anachukua kitu anakwambia "nitaandika asubuhi", asubuhi keshaenda kulala.

Walipokuja kutufungia walichukua faili letu la eksel wakalimwaga humo kama lilivyo. Hapo ndo shida ilipoanzia. Jumamosi moja beringi ya eleveta (ile mashine ya kupandisha mahindi juu) ikafa, naandika "beringi 6205" app inasema sifuri, basi tukaagiza Dar ikaja na basi la usiku, mashine imelala mpaka Jumapili mchana na bosi ananiangalia kama mimi ndo nimeivunja. Jumatatu napanga shelfu nakuta zipo 3! Moja imeingizwa "BRG6205-2RS", mbili zimeandikwa "beringi ndogo eleveta". Yaani kitu kimoja majina matatu na app wala haikushtuka. Nilikaa na fundi mkuu wiki mbili tunasafisha majina, tukakubaliana inaandikwa namba iliyogongwa kwenye beringi yenyewe pamoja na zile herufi za mwisho, maana ZZ ina kifuniko cha bati na 2RS ina mpira, na kwa vumbi letu la unga ZZ haidumu.

Halafu kiwango cha chini, yaani ile idadi ambayo spea ikishuka chini yake app inakuonya uagize, waliweka 1 kwa kila spea, jamani. Mashine yetu ya kusaga ina mikanda 4 na inabadilishwa yote kwa mpigo, ukichanganya mpya na iliyokwishavutika ule mpya unabeba mzigo peke yake. App inaonesha mikanda 2, kijani kabisa, kumbe hapo huna kitu. Nimeweka 8 mwenyewe. Vingine napiga hesabu tunatumia ngapi kwa wiki, mara wiki za kusubiri mzigo, naongeza kidogo juu.

Ila haki yake nimpe, kuskani stika kwa simu ni chap, na unaona nani kachukua nini saa ngapi, wale wa "nitaandika asubuhi" wamenyooka. Ile ripoti ya spea zisizoguswa nayo ilituumbua, kumbe tunafuga oilsili (zile ringi za kuzuia oili isivuje) za mashine iliyouzwa zamani, maboksi na maboksi.

Nyota 3 kati ya 5. Ya nne nitawapa wakiifanya itoe spea bila mtandao, maana stoo yetu iko nyuma ya silo, lile tangi kubwa la kuhifadhia nafaka, na kule hata kupiga simu ya kawaida lazima utoke nje.