Uzoefu wangu: Mkandarasi aliyetufungia mita za mafuta kiwandani Changamwe

Ninasimamia vyombo vya upimaji katika kiwanda cha mafuta ya kupikia huku Changamwe. Mwaka huu tulimpa mkandarasi wa hapa Mombasa kazi ya kufunga mita mbili za Coriolis (aina inayopima masi ya mafuta, yaani kilo zake, yakipita ndani ya mirija inayotetemeshwa) kwenye bomba la kupakia malori, kuzifanyia kalibresheni, yaani kuzilinganisha na kipimo cha kuaminika, na kutukabidhi zikiwa tayari kwa kazi.

Tulikuwa na bei nafuu zaidi kutoka kwa mwingine, aliyekusudia kuzilinganisha na mita ya mawimbi ya sauti inayobanwa juu ya bomba. Kifaa hicho kinafaa sana kutafutia hitilafu, lakini usahihi wake kwa kawaida ni wa asilimia 1 hadi 2 (yaani kinaweza kukosea kwa kiasi hicho), ilhali mita za Coriolis huuzwa kwa usahihi wa takribani asilimia 0.1. Sikuona vipi chombo cha kwanza kingetoa hukumu juu ya cha pili. Mita za sumaku, ambazo baadhi ya wenzangu walizipendekeza kwa sababu zinafanya kazi vizuri kwenye maji yetu, hazikuwa na nafasi kabisa, kwa kuwa mafuta hayapitishi umeme.

Kazi ya kuweka sifuri, yaani kuifanya mita isome sifuri mafuta yakiwa hayatembei, ndiyo iliyoniridhisha zaidi. Fundi aliyazungusha mafuta ya mawese hadi bomba likapata joto lake la kazi na mapovu yakaisha, kisha akafunga vali za pande zote mbili na kusubiri, mara kwa mara akiweka kiganja juu ya bomba. Namba kwenye kioo haikutulia. Ilikuwa ikionyesha kilo chache kwa saa, tena kila mara kwa upande uleule. Wapo ambao wangebonyeza kitufe na kuondoka. Yeye alikataa, akaifuata vali ya chini na kugundua kwamba ilikuwa ikivujia ndani, ikipitisha mafuta hata ikiwa imefungwa. Lau sifuri ingehifadhiwa katika hali ile, uvujaji ungehesabiwa kuwa ndio utulivu, na kila lori lingeondoka na mafuta mengi kuliko yaliyoandikwa kwenye hati. Tulibadilisha kizibo cha vali, na namba ikatulia.

Kalibresheni yenyewe ilifanywa kwa malori na mizani ya kiwanda, baada ya mkandarasi kudai kwanza kuona kwamba muhuri wa maafisa wa vipimo na mizani haujapitwa na wakati. Kwa kuwa Coriolis hupima masi moja kwa moja, hakukuwa na haja ya kukokotoa ujazo kwa joto. Hata hivyo, walirekebisha ile tofauti ya takribani asilimia 0.12 inayotokana na hewa kuyainua mafuta yakiwa juu ya mizani, jambo ambalo sijaona wengi wakilikumbuka. Walitueleza pia bila kuficha kwamba mizani yetu, inayohesabu kwa hatua za kilo 20, haiwezi kuthibitisha chochote kilicho chini ya asilimia 0.08 katika shehena ya tani 25, na hawakuandika namba nzuri kuliko hiyo.

Hatua ya mwisho ilikuwa kuufuata mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20, ambao mita hutumia kupeleka kipimo chake (4 ni sifuri, 20 ni upeo wa mita), mpaka chumba cha udhibiti, kwa kutumia kifaa chenye cheti cha maabara iliyoidhinishwa kwa ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji na kalibresheni. Hapo ndipo ilipobainika kwamba upeo wa mita ulikuwa tani 50 kwa saa, lakini kompyuta ilikuwa imewekewa 40, hivyo miliampea 12 zilisomeka kuwa tani 20 badala ya 25. Mita ilikuwa sahihi na skrini ilikuwa ikisema uongo.

Malalamiko ninayo. Ripoti ilichelewa mno, na nakala ya kwanza haikutaja kiwango cha mashaka ya kipimo (kipimo kinaweza kuwa kimekosea kwa kiasi gani) wala joto la mafuta siku ya jaribio, mpaka tulipowaandikia barua. Viingilio vya nyaya ambavyo havikutumika waliviziba kwa plastiki laini, kitu kisichovumilia jua na hewa ya chumvi ya pwani yetu. Vya chuma tulivinunua wenyewe. Bei yao nayo si ya chini, ingawa kwa kazi ile siilalamikii.

Ukaguzi wa mwakani tumeshawapa, ila safari hii mkataba unaorodhesha kila kitakachokuwemo ndani ya ripoti, na malipo ya mwisho hayatatoka kabla haijafika mezani kwangu.