Uzoefu wangu: taa ya LED ya wati 3 ya kuwaka na kuzima, volti 12

Hizi ndizo taa wanazofunga wavuvi wa dagaa huku Kigoma kwenye boya au juu ya mtumbwi, ili chombo kingine kisipite juu ya wavu usiku. Nimetumia mbili na kuzifungua zote. Ganda ni zuri, mpira wake unazuia maji. Saketi ya ndani ndiyo mbovu.

Wengi husema LED inakufa kwa sababu ya kuwakawaka. Sivyo. Haina waya wa kuungua kama glopu, na kuwaka na kuzima kwake ni kazi ya nanosekunde. Kinachoichosha ni joto linalopanda na kushuka. Ikipepesa mara 1000 kwa sekunde, kiini cha LED hakiwahi kupoa, joto linabaki karibu palepale. Ikiwaka sekunde moja na kuzimika sekunde moja, kiini hupata moto na kupoa kila mara, na vile vinyaya vyembamba na risasi ya kulehemu iliyoishika LED hutanuka na kusinyaa hadi vinaachia. Dalili yake: taa inagoma, ukiibonyeza kwa kidole inawaka.

Taa hii inaharakisha hayo. LED imebandikwa kwa gundi ya karatasi badala ya pesti ya kupitisha joto, na inalishwa karibu ampia 1 wakati kiwango chake ni miliampia 700, eti kwa kuwa nusu ya muda imezimika! Juu ya hapo, inapepesa kwa kukata umeme unaoingia kwenye draiva (saketi inayopima umeme wa LED), kwa hiyo kapasita inavuta mkupuo wa umeme kila sekunde.

Nilitoa saketi yote nikaweka draiva ya PT4115 yenye rezista ya omu 0.33; gawa volti 0.1 ambayo draiva hii hushikilia kwenye rezista kwa 0.33, unapata miliampia 300 hivi. Mwanga unapungua, ila boyani unatosha kabisa. Kupepesa nimeiachia IC ya 555, chipu ya kupima muda: kilo-omu 10, kilo-omu 68 na kapasita ya mikrofaradi 10, karibu mara moja kwa sekunde. Usiiunge moja kwa moja kwenye pini ya DIM ya draiva, ile ya kuzimia na kuwashia LED, maana pini hiyo haistahimili volti 12. Pitisha kwenye transista ya BC547 yenye rezista ya kilo-omu 10 kwenye bezi (mguu wa kuiendesha). Kolekta, mguu wake mwingine, iungwe kwenye DIM ili iishushe chini.

Na unganisha LED kwanza, betri baadaye. Draiva ikiwashwa bila LED, kapasita ya upande wa kutokea hujaa volti nyingi, na ukigusisha LED hapo inaweza kufa papo hapo.