Sekunde 40 za OSPF: uzoefu wangu na emuleta na vifaa vya chuma

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kebo ikikatika kati ya ruta mbili zinazoendesha OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kuambizana njia za mtandao, jirani (ruta ya upande wa pili) hukaa sekunde 40 kabla ya kujua. Nilikuwa nimejionea mwenyewe, tena si mara moja. Nafungua GNS3, emuleta inayoiga vifaa vya mtandao ndani ya kompyuta, naunganisha ruta mbili za IOSv (ruta pepe za Cisco), naandika shutdown, amri ya kuzima poti, upande mmoja, halafu nakaa nikitazama upande wa pili ukiendelea kusema up/up na jirani akiwa bado FULL (ameunganika kikamilifu), mpaka muda uishe. Siku niliyofanya zoezi lilelile kwenye ruta mbili za chuma, ujumbe wa jirani kuanguka ulitokea kidole changu kikiwa bado kwenye Enter. Nikadhani nimekosea usanidi.

Sikukosea. Ndani ya emuleta, poti mbili hazishikani kwa waya. Kuna programu katikati inayopokea pakiti huku na kuzisukuma kule. Ukizima upande mmoja, hakuna ishara inayokatika upande wa pili, kwa hiyo ruta ya pili haina sababu ya kudhani kuna lililoharibika. Inangoja hello, ujumbe mfupi wa kuonyesha jirani bado yupo, moja kila sekunde 10, mpaka sekunde 40 zipite kimya. Kwenye kebo halisi ishara hufa, taa huzimika pande zote mbili, na OSPF humfuta jirani papo hapo. Kilichonichekesha baadaye ni kwamba mitandao mingi ya kazini ina kitu katikati, ama swichi ama vifaa vya mtoa huduma. Ruta ya mbali haioni taa yoyote ikizimika, na zile sekunde 40 zinarudi kama zilivyo. Ndiyo maana watu huweka BFD, itifaki ya kugundua haraka kwamba njia imekatika. Kumbe GNS3 haikunidanganya. Ilikuwa inaiga hali ya kweli, ila mimi sikujua ni hali ipi.

Nianze nilikoanzia. Mtihani wa CCNA 200-301, wa cheti cha mitandao cha Cisco, niliufanyia mazoezi kwa Packet Tracer, programu ya Cisco ya kujifunzia, na sioni haya kusema ilinitosha. Watu huiita emuleta, lakini si emuleta. Ndani yake hakuna IOS, mfumo endeshi wa ruta na swichi za Cisco. Ni programu iliyoandikwa ijibu amri zilizotarajiwa, na ukigonga alama ya kuuliza mahali pasipotarajiwa utaona orodha imekatwa. Hata hivyo VLAN (mitandao iliyogawanywa ndani ya swichi moja), trunki, EtherChannel, NAT, ACL na OSPF ya eneo moja vyote vimo, na inafunguka kwenye laptopu dhaifu bila kulalamika. Tena ina hali ya kusimamisha muda na kutazama pakiti moja hatua kwa hatua: ARP inatoka kwanza, jibu linarudi, ndipo ping ya pili inapita. Rundo zima la vifaa vya chuma haliwezi kukuonyesha hilo kwa uwazi ule.

Shida ilianza nilipohamia ENCOR, mtihani wa Cisco wa ngazi inayofuata. Hapo ndipo nilipoingia GNS3, kisha EVE-NG, emuleta nyingine. GNS3 ilijengwa juu ya Dynamips, kazi aliyoianza Christophe Fillot mwaka 2005, ambayo huiga prosesa ya ruta za zamani kama 7200 ili IOS yenyewe iendeshwe. Nilisahau kuweka thamani ya Idle-PC (inayoijulisha Dynamips ruta inapokuwa haina kazi) siku ya kwanza, na ruta moja isiyofanya lolote ikala prosesa yangu yote. Feni ya laptopu ikapiga kelele kuliko swichi niliyokuja kuinunua baadaye. Dynamips pia haiwezi kuiga swichi za Catalyst, kwa sababu kazi ya swichi hufanywa na chipu maalumu za ASIC, na chipu hizo haziigiki kwa njia ile. Kwa hiyo unatumia IOSvL2, ambayo ni swichi iliyoandikwa kama programu tupu: STP na trunki zinakwenda vizuri, ila mambo yanayotegemea chipu usiyatafute humo.

Jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi mapema: GNS3 na EVE-NG ni nyumba tupu. Imeji (faili za mfumo) za ruta na swichi unakuja nazo mwenyewe, na ziwe na leseni. Ukitaka nyumba yenye samani kihalali kuna CML ya Cisco yenyewe, inayolipiwa, na toleo la binafsi linabeba nodi 20, yaani vifaa pepe 20. Lipo pia toleo la bure la nodi tano. Tano zinasikika chache, lakini mazoezi mengi ya ENCOR nimeyafanya kwa ruta tatu na swichi mbili. Aliyejaza skrini nodi 30 mara nyingi anajifunza kusubiri ziwake. Angalia RAM kwanza: IOSv inaridhika na nusu gigabaiti, lakini NX-OSv 9000 moja, swichi pepe ya vituo vya data, hudai gigabaiti nane au zaidi, na hapo laptopu ya kawaida imekwisha.

Sasa vile vya chuma. Nilinunua vilivyotumika: ruta mbili za 2811, swichi ya 2960 na nyingine ya 3560. Jioni ya kwanza sikufika hata kwenye VLAN, kwa sababu kila kimoja kilikuja na nenosiri la mtu mwingine. Ruta unaikatiza inapowaka, unaingia ROMMON (programu ndogo ya kuiamsha ruta), unaweka namba 0x2142 ili isisome usanidi wa zamani, na usiposahau unarudisha 0x2102, namba ya kawaida. Nilisahau, kwa hiyo kila nikizima na kuwasha ruta inaamka kama mtoto mchanga. Swichi nayo unaibonyeza kitufe cha Mode huku ukichomeka umeme. Nilipofuta startup-config, faili la usanidi uliohifadhiwa, nikafurahi, kumbe VLAN za mwenye mali wa zamani zimekaa palepale: ziko ndani ya vlan.dat, kwenye flash, na hazifutiki kwa amri ile. Ile 3560 ilikataa kabisa anwani za IPv6 mpaka nilipobadili kiolezo cha SDM (kinachogawa kumbukumbu ya swichi) na kuiwasha upya. Hakuna emuleta iliyowahi kuniuliza habari za SDM.

Lakini zoezi ninalolithamini kuliko yote ni la duplex, yaani kama poti inatuma na kupokea kwa pamoja (full) au kwa zamu (half). Niliifunga poti moja kwa 100 na full, nikaacha ya pili kwenye auto. Ile ya auto inaikuta kasi sawasawa lakini, ikikosa wa kujadiliana naye, inaangukia half. Ping inapita safi. Ukinakili faili kubwa, mambo yanatambaa. Upande wa half unahesabu late collision (migongano iliyochelewa), upande wa full unahesabu makosa ya CRC (data iliyofika imeharibika). Nilikaa nikitazama kaunta zile zikipanda, nikabadili neno moja, zikatulia. Kwenye emuleta kaunta hizo hukaa sifuri milele, maana waya wa programu haugongani na kitu.

Hasara zake? Kelele, joto, na umri. IOS ya mwisho ya vifaa hivi ni ya familia ya 15, si IOS XE iliyo mpya zaidi, kwa hiyo sehemu ya RESTCONF na NETCONF (kusanidi vifaa kwa kutumia programu) ya mtihani haifanyiki humo hata ubembeleze. Hiyo niliifanya kwenye CSR1000v, ruta pepe ya IOS XE, ndani ya EVE-NG. Na wale wanaosema emuleta ni ya kuchezea wakumbuke kwamba CCIE Routing and Switching, cheti cha ngazi ya juu cha Cisco, toleo la 5, lililoanza 2014, lilihamishia mtihani wake wa maabara, unaochukua muda wa saa nane, kwenye vifaa pepe.

Ningeanza upya leo ningeenda Packet Tracer mpaka CCNA, kisha CML ya nodi tano, na pembeni swichi moja ya chuma niitese kwa wiki chache. Ruta zile mbili nimeshaziuza, usanidi nimeufuta na 0x2102 nimeirudisha. Nilikagua mara mbili. Swichi ya 2960 nimeibakiza pamoja na kebo ya konsoli, na vlan.dat ya mwenyewe wa zamani nayo nimeiacha humohumo, VLAN yake moja ina jina la kuchekesha.