TAHADHARI: Muuza "faiba ya deraya" wa WhatsApp hapa Kampala. Msimtumie hela

Ndugu zangu wa vikundi vya maigizo, na nyinyi vijana mnaojitengenezea deraya nyumbani, kuna mtu anatangaza kwa WhatsApp faiba ya mavazi ya maigizo, yaani zile nyuzi za kioo tunazozipaka rezini (gundi ya majimaji inayoganda) zikawa deraya ngumu. Anasema duka lake liko Ndeeba, bei yake iko chini kuliko ya wote, na mzigo anautuma kwa boda ukishalipa kwa Mobile Money. Sasa ni msimu wa mazoezi ya Pasaka, kila kanisa linatafuta askari wa Kirumi, na vikundi viwili vimeniletea alichowauzia nikikague. Nimekikagua. Tafadhali someni hadi mwisho, maana hapa si hela tu zinazopotea.

Naanza na hadna, yaani dawa ya kugandisha rezini, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Ameifunga kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, bila lebo wala alama yoyote. Hadna ya rezini ya poliesta, ile mafundi wanayoiita MEKP, haina rangi. Ukiitazama ndani ya chupa ile ni maji matupu. Ikiruka jichoni inaweza kupofusha, na ikimezwa inaunguza koo na tumbo. Chupa hiyo niliikuta mezani, pamoja na maji ya watoto wa kwaya! Kama unayo ya aina hiyo, iandike leo hii kwa maandishi makubwa, iweke mbali na watoto na mbali na moto. Ikimpata mtu jichoni, mwoshe kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, kisha hospitali moja kwa moja. Na mtu akikuuzia pia ile dawa ya zambarau ya kuharakisha, yaani kobalti, usiichanganye na hadna peke yake hata tone. Inalipuka.

Sasa faiba yenyewe. Kikundi cha kwanza waliuziwa wavu wa plasta, ule wenye vijidirisha vya milimita 5 hivi unaopakwa ukutani ili plasta isipasuke. Kweli una nyuzi za kioo ndani, na hapo ndipo anapojificha. Walipolalamika aliwajibu, "Bosi, si faiba hiyo hiyo? Tofauti ni matundu tu." Si hiyo hiyo. Nyuzi za wavu ule zimepakwa utando wa kuzikinga na saruji, na utando huo huo unaizuia rezini isizame ndani ya kioo. Wameniletea dirii, yaani deraya ya kifua, waliyoifanya kwa wavu huo. Nilishika ukingo wa bega, nikavuta kwa vidole viwili, wavu ukatoka mzima, ukaacha alama za vijidirisha kwenye rezini iliyobaki. Ndiyo dirii ambayo kijana angeivaa akipigwa upanga wa mbao jukwaani.

Rezini yao nayo ilikuwa imezimuliwa. Rezini nzuri ya poliesta ni nzito kama asali nyepesi. Hii ilikuwa inachuruzika na harufu ya thina imejaa. Muuzaji anaongeza ujazo, wewe unabaki na chapeo isiyokauka. Hapa msichanganye mambo mawili: rezini nyingi za kazi hii hubaki na ukunato kidogo juu, upande uliokutana na hewa, na hilo ni kawaida. Lakini siku ya pili ukibonyeza kwa ukucha na ukucha ukazama, hiyo haijaganda na haitaganda. Mjaribu kabla ya kuanza kazi: gramu 100 za rezini, hadna gramu 1 hadi 2, koroga polepole kwenye kikopo. Kwa joto letu la Kampala inatakiwa ianze kuwa jeli ndani ya nusu saa hivi na kikopo kipate moto mkononi.

Kikundi cha pili walipata mati ya kweli, ile ya nyuzi fupi zilizotawanywa ovyo na kushikwa kwa gundi. Waliilipia kama ya 450, yaani gramu 450 kwa mita moja ya mraba. Nilikata kipande cha nusu mita kwa nusu mita, nikakiweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 74. Ya 450 ingefika 112. Hiyo ni mati ya 300. Kwa chapeo mimi mwenyewe napenda ya 300, matabaka mawili, kwa sababu inakubali mkunjo vizuri. Ila ulipie 300, si 450.

Baya zaidi, mati hiyo aliwauzia pamoja na epoksi, ambayo ni rezini ya aina nyingine, kama "seti kamili". Gundi ya mati nyingi inayeyushwa na stairini, kemikali iliyomo ndani ya rezini ya poliesta. Ndiyo maana mati hulainika na kulala kwenye kona. Epoksi haina stairini. Mati inabaki ngumu, inainuka, inaacha mapovu meupe chini. Ukitaka epoksi, nunua kitambaa cha faiba kilichofumwa.

Nendeni kwenye maduka wanakonunua mafundi wa bodi za magari, ombeni mati kwa uzito wake, shikeni kwa mkono, ndipo mlipe. Mkiagiza kwa simu, andikeni kwenye ujumbe kwamba ni ya kutengenezea deraya kwa rezini ya aina fulani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo na ifae kwa kazi uliyomweleza muuzaji, na ujumbe huo ni ushahidi wako. Muuzaji akisema, "Duka limefungwa lakini boda yuko njiani, tuma tu hela," acheni.

Waliokwisha kuuziwa, msifute ujumbe wala msitupe mabaki. Hifadhini risiti ya Mobile Money, picha za mzigo na namba aliyotumia, maana anabadilisha laini. Vikundi hivi viwili vinakwenda polisi pamoja. Aliye na kesi kama yao aniandikie pembeni tuunganishe.